Patasi Sita, Nyundo Nne

Kila jioni, saa kumi na moja na nusu, Wasike alipanga vifaa vya karakana juu ya meza ndefu. Alivipanga kwa ukubwa, makali yakielekea ukutani, kisha akarudi nyuma hatua moja na kuvihesabu kwa sauti. "Patasi sita. Nyundo nne. Misumeno tatu. Randa mbili. Zote ziko." Halafu akasimama pale pale, mikono ubavuni, mpaka mtu amwambie aende.

Mathenge, mwenye karakana, aliona ameangukiwa na bahati. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akitengeneza vitanda na viti kando ya barabara pale Nakuru, na mafundi wamemwibia nyundo mpaka akaacha kuuliza. Sasa amempata mtu anayehesabu hata tupa zilizoliwa na kutu. Wiki ya tano hakusubiri tena, akamkabidhi funguo.

"Fundi, kuanzia kesho ni wewe utakuwa unafungua," akasema. "Mimi hii miguu imezeeka. Na ukiniletea ile good conduct ya polisi, nakuandika permanent."

"Sawa, mzee. Nishaapply. Ni system iko down."

System hiyo ilikuwa down kwa wiki tano, jambo ambalo si la ajabu sana katika nchi hii, na ndiyo maana Mathenge aliamini. Ukweli ni kwamba Wasike alishapigwa alama za vidole mwezi wa pili baada ya kutoka jela, na cheti kikaja kimemtaja bila kuficha: kuvunja duka la dawa za mifugo, Molo, kifungo cha miaka sita. Hakusingiziwa. Alilivunja, yeye na wenzake wawili, akiwa na miaka ishirini na mitatu na akili fupi. Miaka hiyo sita aliimaliza yote, lakini karatasi ile haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu amemaliza.

Alikuwa na cheti kingine, cha useremala, alichokipata kwa alama nzuri kabisa. Hicho nacho, pale panapoandikwa chuo, kilikuwa na jina la gereza. Hebu niambie, ungemwonyesha nani? Alikipeleka kwenye kiwanda cha mbao, mama wa ofisini akakisoma, akakirudisha kwa ncha za vidole na kusema watampigia simu. Kwenye shamba la maua kule Naivasha hawakusema hata hilo. Kampuni ya ulinzi walicheka, na hapo hata yeye alicheka kidogo. Mwishowe alivikunja vyeti vyote viwili akavisukuma chini ya godoro, kwa dada yake Nabalayo huko Kaptembwa, alikokuwa akilala sebuleni. Kwa Mathenge alikwenda mikono mitupu. Alichonga mguu mmoja wa kiti mbele yake, akaambiwa aanze kesho.

Siku aliyopewa funguo, Nabalayo aliziona mezani.

"Ni za nani?"

"Za kazini. Mzee amenipatia."

Nabalayo alizishika, akazitazama kwa muda, akazirudisha polepole. Kisha akageukia sufuria na kusonga ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji, maana machozi yalikuwa yamemlenga.

"Basi mwambie, ndugu yangu," akasema bila kugeuka. "Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Acha nipumzike kidogo, dada. Nimechoka kujieleza."

Na kuchoka alikuwa amechoka kweli. Kupiga randa kutwa nzima hakukumchosha. Kilichommaliza ni kupima kila neno kabla ya kulitoa: alikuwa wapi mwaka fulani, kwa nini hana simu ya zamani, kwa nini hajui bei ya mkate. Zile funguo zilikuwa kitu cha kwanza, tangu atoke, alichopewa bila kuulizwa swali. Aliogopa kuzipoteza, basi akanyamaza.

Wiki ya saba alikuja mteja mnene, kwa maana ya kazi. Aliitwa Kipkirui, mwenye bucha ya nyama choma kule Kikopey, na alitaka meza nane na mabenchi yake. Alikuwa mzee mrefu aliyesimama wima kama mlingoti, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Yeye na Mathenge walizungumza habari za mbao hadi jua likaanza kulegea.

Saa kumi na moja na nusu ikafika. Wasike angeweza kuacha kuhesabu siku hiyo moja, lakini mikono yake ilishaanza kupanga. Kule alikotoka, patasi moja ikikosekana, karakana nzima inavuliwa nguo na hakuna anayekula.

"Patasi sita. Nyundo nne. Misumeno tatu. Randa mbili. Zote ziko."

Kipkirui alikatiza maneno yake. Alimtazama kijana yule aliyesimama mikono ubavuni, macho chini. Na labda hata yeye hakukusudia, maana mazoea ni mazoea, lakini aliinua kidevu akasema, "Haya, toka."

"Ndio, afande," Wasike akajibu, akageuka. Alikuwa amepiga hatua mbili alipotambua alichosema.

Kipkirui alicheka kidogo. "Nilikuwa askari jela miaka thelathini," akamwambia Mathenge. "Hawa tunajuana." Kisha akauona uso wa Wasike, na kicheko kikamkauka. "Lakini wakifunzwa huko ni mafundi wazuri sana," akaharakisha kuongeza, na alimaanisha wema. Aliagana nao haraka.

Mathenge alikaa juu ya rundo la mbao.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee. Tulivunja duka. Nilimaliza miaka yangu."

"Duka," Mathenge akarudia, na macho yake yakaenda kwenye kufuli la mlango. "Ungeniambia."

"Na ungeniandika?"

Mathenge alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na Wasike alimpenda kwa hilo hata wakati ule. "Sijui," akasema. "Meza nane ni kazi mingi. Siwezi kukufukuza." Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Wasike akaweka funguo hapo.

Asubuhi iliyofuata, Mathenge alikuwa ameshafungua, na ile miguu yake iliyozeeka. Walifanya kazi kutwa bila kutaja jambo lile, wakashiriki hata chapati, na Wasike akaanza kujiambia kwamba huenda limepita.

Jioni alipanga vifaa, akahesabu, vyote vilikuwepo. Mathenge akaja mezani akavihesabu upya, akigusa kimoja kimoja kwa kidole, midomo ikicheza. Havikupungua. Akakohoa. Akalitazama koti la Wasike, akaona haya, akatazama pembeni.

"Fundi," akaanza, "usichukulie vibaya, ni vile tu..."

Hakumaliza. Wasike alikuwa ameshageukia ukuta na kuinua mikono.