Ndoo, Mwambie Mkwe Wangu

Asubuhi moja ya Jumapili, mwaka 1974, Twalibu aliazima mtumbwi wa shemeji yake Mfaume, akaingia nao Mto Ruvu kumvulia mama mkwe kitoweo. Ilikuwa ziara yake ya kwanza ukweni tangu amwoe Mboni, na jana yake, mbele ya wajomba wa Mboni na sinia la ugali na kisamvu, alikuwa amejigamba.

"Kwetu Bukoba tunavua ziwani, ng'ambo huioni," alisema. "Huu wenu ni mfereji."

"Mfereji una mbio huo, shemeji," Mfaume alimjibu. "Ukirudi mikono mitupu, wajomba watakuita Bwana Kisamvu mpaka wajukuu zako wazeeke."

Twalibu alicheka pamoja nao, lakini jina lile hakulitaka.

Alipofika katikati ya mto alitosa jiwe la nanga, kamba ya mkonge akaifunga kwenye ubao wa katikati aliokalia. Ziwani, maji yakiwa yamelala, ndivyo alivyozoea. Ruvu haukulala. Mtumbwi uligeuka ukakingama mkondo, kamba ikakaza, ubavu uliopokea mkondo ukainama na maji yakaanza kuingia. Twalibu akasimama.

Mama mkwe, Bi Mwanakheri, alikuwa ukingoni akichota maji. Mkwe hasemezwi ana kwa ana, na tangu harusi wawili hao hawakuwa wamepeana hata neno. Alitazama njiani, hakukuwa na mtu wa kumtuma. Akajitanda kanga, akaupa mto mgongo, akaiinamia ndoo yake.

"Ndoo," alisema kwa sauti iliyovuka maji, "mwambie mkwe wangu akae chini. Mtumbwi si jukwaa."

Twalibu akakaa.

"Mwambie aegemee upande maji yanakokwenda."

Akaegemea. Ubavu uliozama ukainuka.

Bi Mwanakheri alimchungulia kwa pembe ya kanga. "Sasa aifungue kamba, asiiachie. Atambae nayo mpaka kwenye pua ya mtumbwi, aifunge huko kwa fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Na aipe urefu. Kamba fupi huizamisha pua."

Twalibu alitambaa kwa magoti, kamba mkononi. Alipokaza fundo, pua iligeukia mkondo unakotoka, maji yakapasuka pande mbili, na mtumbwi ukatulia kama mbuzi kwenye kigingi.

"Ndoo," alisema akihema, "mwambie mama nimeelewa."

"Ndoo, muulize anangoja nini kutupa ndoana."

Twalibu alikumba kwa kata maji yaliyoingia mtumbwini, akatupa ndoana. Haukupita muda mshipi ukanyooka, na Twalibu akaung'ang'ania kwa mikono miwili, akivuta kama anayeng'oa kisiki.

"Mlegezee, Twalibu!" Bi Mwanakheri alikuwa amegeuka, kanga imemwangukia mabegani. "Atakata mshipi huyo. Mwache achoke kwanza."

Kisha akasikia alichosema. Twalibu naye akasikia. Kambale hakujali, akaendelea kupigapiga maji mpaka akachoka kweli, akaingizwa mtumbwini, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

"Nije, mama?" Twalibu aliuliza, macho chini.

Bi Mwanakheri aliketi nyasini akiutazama mto, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Uje na mmoja, mwanangu, na wajomba ni watano?"