Nyumba Isiyojengwa ya Bi Rukaiya

Bi Rukaiya wa Goba aliposikia siku hizi wapo wakaguzi binafsi wanaopitisha ramani chapuchapu, alimwita mmoja wao, Gaudens, mbio. Nyumba alishaijenga, akahamia na mapazia akatundika. Bila kibali ingebomolewa.

Gaudens akajimwaga sebuleni, akaikodolea macho ramani.

"Mama, hii siipitishi. Jiko halina dirisha. Nyumba hii isijengwe."

Nje masika ilikuwa inamwaga haswa.

"Haya mwanangu, haijajengwa," Bi Rukaiya akasema, akaufungua mlango wazi. "Toka basi ukakae kiwanjani, maana hapa ulipo hapana nyumba."

Gaudens akaitazama mvua, akavitazama viatu vyake vipya, akatoa muhuri.

"Dirisha utatoboa kesho, mama. Funga mlango, tunaroa!"