Amabere

...mimina basi, anasema Mama, ameninyooshea kikombe, siku hizi kiu haimwishi, anakunywa na bado midomo imekauka, nami nimeshika kibuyu cha maziwa ya mgando niliyoyabeba kutoka nyumbani Birongo, kizibo nimeshakitoa, na huyu Daktari Madhu amesimama miguuni pa kitanda akingoja nitafsiri, si aseme mwenyewe, amezaliwa hapa hapa Kisii nyuma ya duka la babake, lakini Kigusii chake ni cha kuuzia sukari tu, "mwambie maziwa tunayaondoa kabisa, Machogu, akiendelea nayo moyo utasimama, umenisikia?" nimesikia, mimi si kiziwi, maziwa, na kwetu ni amabere, ya ng'ombe amabere, ya kifuani amabere, neno ni hilo hilo, na Mama aliapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba kisu hakigusi kifua chake, nikimwambia amabere yanaondolewa atashuka kitandani sasa hivi atafute viatu... "kalsiamu imejaa kwenye damu," anasema daktari, "ile iliyomo kwenye chokaa," chokaa naijua, naipaka ukuta wa kanisa kila mwaka, inachoma vidole, imefikaje kwa Mama, "uvimbe umeingia mifupani, unaifanya mifupa iimwage, tena inaonekana kalsiamu hiyo ikipenya ndani ya chembe za uvimbe inakuwa kama amri, gawanyika, sogea, bado tunajifunza," eti wanajifunza, juu ya mamangu! kwa hiyo humo ndani kunasemwa, kutwa kucha, vichembe vinaamrishana bila haya, na mimi kifungua mimba wake ndiye niliyefungwa mdomo, sababu ya ensoni, ile heshima ya kutotaja mwili wa mzazi, tangu nitahiriwe sijakanyaga chumba anacholala, na uvimbe wenyewe nyumbani tunauita shida ya bega, bega! nani aliugua bega namna hii, hata dada yangu Gesare anayemwosha anasema bega, na mimi kila Jumapili namletea maziwa, ya kutia mifupa nguvu, lo, Mungu wangu... "Machogu, anasemaje huyo mtoto wa dukani?" Mama anauliza, naogopa, naliogopa neno kuliko ninavyoogopa kumzika, na hapo ndipo penye aibu yenyewe, ningesema amaruranu, ya mgando, nikaponea hapo, lakini ataniuliza kwa nini, na hiyo kwa nini iko kifuani pake na mifupani, Gesare hayuko, baba hayuko duniani, ni mimi, haya basi, acha nionekane sina adabu... "Mama, amabere," nasema, na kikombe bado kiko hewani, daktari bado amesimama, lakini Mama hakitazami kibuyu, mkono wake wa pili umepanda taratibu mpaka kifuani ukatulia palepale, "sema yote," anasema, "nimekungoja sana."