Vitasa vya Mama Gakuru

Rahab, au Mama Gakuru kama Kitengela nzima ilivyomjua, hakuwa mtu wa majivuno. Mwenyewe alisema hivyo kila mara kabla ya kuanza kujisifu. Kisha angekuonyesha jumba lake la ghorofa nne, lenye rangi ya chungwa, akueleze jinsi yeye na marehemu Wahome walivyouza viazi sokoni Ngong miaka nenda miaka rudi, jinsi walivyonunua ile ploti wakati pundamilia bado walipita hapo, na jinsi watu walivyomcheka alipobaki mjane na kusema ataijenga peke yake. Basi aliijenga. Saruji aliipima kwa macho yake, fundi wa mabomba alimfukuza mara mbili, na siku ya kununua vitasa vya milango alimbana muuzaji mpaka akamwachia katoni nzima kwa bei ambayo, kwa maneno yake Mama Gakuru, ilimtoa yule mtu machozi. Hadithi ya vitasa aliipenda kuliko zote. Aliisimulia kanisani, aliisimulia kwenye chama chao cha akiba, na hata Mmaasai aliyemletea maziwa asubuhi aliijua kwa moyo.

Kando ya lango mchoraji alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu: MWENYE NYUMBA HATAHUSIKA NA UPOTEVU WA MALI YAKO. Gakuru, mwanawe, ndiye aliyeshauri hivyo, kwa kuwa kila ploti ya mtaa ule ilikuwa na maneno ya namna hiyo. Mama Gakuru aliyaona maneno mazuri, na rangi yake nzuri zaidi.

Halafu wizi ukaingia. Wa kwanza kuguswa alikuwa Lazarus, mhasibu wa kiwanda cha nguo, mtu wa suti hata siku ya kwenda kununua mkaa. Jumapili moja alitoka kanisani na familia yake, akafungua mlango kwa ufunguo kama kawaida, akakuta ukuta mtupu na waya zinaning'inia pale ilipokuwa televisheni. Mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Watu wakamwambia pole, wengine wakanong'ona kwamba labda ameiuza mwenyewe.

Wa pili alikuwa Sheryl, nesi kijana wa ghorofa ya tatu aliyeishi peke yake. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala mchana. Aliamka kwa sauti ndogo, akaona mgongo wa mwanamume unatoka na kompyuta yake kwapani. Yule mtu akaurudisha mlango polepole, akaufunga kwa ufunguo kutoka nje, kana kwamba anamwachia aliyelala usingizi wake. Sheryl hakuweza hata kupiga kelele. Tangu siku hiyo alilala na meza imeegemezwa mlangoni.

Sasa hapo ndipo watu walipoanza kuhesabu kwa vidole. Mlango haukuvunjwa, maana yake aliyeingia alikuwa na ufunguo, na funguo za ziada za jumba zima zilining'inia kiunoni mwa mtu mmoja tu. Huyo alikuwa Nzembi, msimamizi wa nyumba, mama wa makamo kutoka pande za Emali, aliyepiga ngazi deki kila asubuhi na ambaye shada lake la funguo ulilisikia likija kabla hujamwona.

Jumamosi mchana wapangaji wakakusanyika langoni. Lazarus ndiye aliyekuwa msemaji, kwa kuwa suti ilimruhusu.

"Mama Gakuru, sisi hatumshuku mtu," alisema, huku akimtazama Nzembi. "Lakini keys ziko na nani?"

Mama Gakuru alinyoosha mkono. "Lete funguo, Nzembi."

Nzembi akalifungua lile shada kiunoni, akampa. Lazarus akaingia chumba cha Nzembi kando ya lango, akautoa mkoba wake, akaumwaga chini mbele ya watu wote: leso mbili, Biblia ya Kikamba, sufuria, chupa ya mafuta ya kujipaka. Hakukuwa na televisheni wala kompyuta. Nzembi aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akavipanga vizuri mkobani kana kwamba ana siku nzima, akaondoka amenyoosha shingo. Hakutoa chozi. Hilo nalo likasemwa ni dalili ya wizi, maana watu wakishaamua jambo hata ukikohoa wanakuandikia kosa.

Mama Gakuru alilala vibaya siku ile lakini alijiambia ni chakula.

Baada ya siku chache Sheryl alisema anahama. Mpangaji kuhama kwa woga ni aibu ambayo Mama Gakuru hakuwa tayari kuimeza, kwa hiyo jioni moja akaenda kumpa pole, pamoja na Caro na Judy wa kikundi cha akina mama kanisani. Walibeba mkate, sukari na majani ya chai. Walipanda ngazi wakipapasa ukuta, kwa kuwa balbu za ngazini zilikuwa zimekufa zamani. Wapangaji walikuwa wamemwambia, naye kila mara alijibu kwamba ataleta nyingine.

Sheryl aliwafungulia, akafunga tena kwa ufunguo, akauchomoa na kuutia mfukoni, akavuta kishikio kuhakikisha. Wakanywa chai. Kisha Caro akaombwa aombe, na Caro akishika maombi hayaachilii upesi. Aliombea nesi, aliombea jumba, aliombea Kajiado yote hadi Oltepesi. Alikuwa anasihi malaika wasimame kwenye mlango ule, asipite mtu, asipite hata panya, wakati upepo ulipowapiga miguuni. Kila mmoja alidhani ni Roho.

"Amina," wakasema, wakafumbua macho.

Katikati ya chumba alisimama Omolo, dereva wa lori la maji, mpangaji wa ghorofa ya nne, na maziwa ya pakiti mkononi.

"Kwani mnafanya nini kwa nyumba yangu?" aliuliza. Halafu akaona pazia, akaona viti, akaona Sheryl aliyekuwa amekamata kisu cha mkate. "Woi. Pole, sister. Hii si kwangu. Hiyo giza ya ngazi imenipoteza, nimedhani nishafika juu."

"Omolo," Mama Gakuru aliita kwa sauti nyembamba. "Mlango ulikuwa umefungwa. Umeingiaje?"

"Si nimefungua, mama? Niko na ufunguo."

Mama Gakuru aliuchukua ule ufunguo, akatoka nje, akawasha tochi ya simu, akaufunga mlango wa Sheryl kisha akaufungua. Akaomba ufunguo wa Sheryl, akauweka sambamba na wa Omolo. Meno yao yalifanana kama ya mapacha. Akateremka hadi kwa Lazarus, ambaye alikuwa bado kazini na familia yake imesafiri, akajaribu. Kitasa kikazunguka bila hata kusita. Milango mingine ilikataa, lakini mingine miwili ilikubali.

Alikaa kwenye ngazi, palepale gizani. Katoni nzima. Ile katoni aliyoipigia kelele kanisani na kwenye chama ilikuwa na vitasa vya aina mbili tatu tu, vimerudiwarudiwa, vya kumtafuta mjinga. Na yale machozi ya muuzaji, sasa ndipo alipoyaelewa: mtu alikuwa anacheka mpaka analia. Akakumbuka pia wapangaji waliowahi kuhama, wengine bila kurudisha funguo, naye hakuwahi kubadilisha kitasa hata kimoja.

Caro alikuja akaketi kando yake. "Sikiza, mama. Badilisha hizo lock pole pole, moja moja. Useme ni mambo ya usalama. Omolo hatasema, na huyu msichana tutamwomba. Watu wakijua, ploti itabaki mbuni walale ndani."

Lilikuwa shauri zuri. Mama Gakuru angelikubali, kusema ukweli, kama Sheryl hangekuwa amesimama mlangoni akisikia.

"Na Nzembi je?" Sheryl aliuliza. "Si yule mathe ameitwa mwizi juu ya hii lock?"

Mama Gakuru aliinuka, akamrudishia Omolo ufunguo wake.

Kesho yake Mama Gakuru alikwenda Kajiado mjini, ambako Nzembi alikuwa amehamia kwa dada yake. Alimkuta karibu na stendi akiuza nyanya, amezipanga nne nne, zile nzuri zimeelekezwa mbele. Alimletea nyama kilo mbili. Nzembi aliipokea, akashukuru, akaiweka chini ya meza.

"Nimekuja turudi, Nzembi. Nimejua si wewe."

"Umejua wewe."

"Eee. Ni vitasa vyangu ndio vibaya. Ufunguo moja inafungua nyumba nyingi."

"Na hao wengine wamejua?"

"Nitawaambia. Tuko na group ya WhatsApp."

Nzembi alipangusa nyanya kwa leso. "Mama Gakuru, mkoba yangu ilimwagwa kwa geti, mchana, watu wakiangalia. Hata yule wa makaa alisimamisha kazi akaangalia. Mimi siwezi rudishwa na simu. Kama ni kunirudisha, inirudishwe hapo hapo kwa geti, mchana, watu wakiwa. Na wewe ndio uongee, si Gakuru."

Mama Gakuru alihisi hasira zikimpanda. Nani huyu wa kumwekea masharti, yeye aliyejenga ghorofa nne bila kumwangukia mwanadamu miguuni? Alifungua mdomo amjibu. Kisha macho yake yakaangukia zile nyanya, na zile nzuri zilizoelekezwa mbele, akakumbuka Ngong. Mwenye lori mmoja aliwahi kumwita mwizi wa gunia la viazi, mbele ya soko zima, Gakuru akiwa bado mgongoni. Gunia lilipatikana kesho yake mahali pengine. Yule mtu hakurudi kusema. Alipita siku zote akimsalimia kana kwamba hakuna kilichotokea, na hadi leo Mama Gakuru angemtambua kwa kisogo.

"Jumamosi," alisema. "Saa ile ile."

Jumamosi alivaa nguo za kanisani. Wapangaji waliitwa langoni, wakaja wamenuna, wakidhani ni habari ya kupandisha kodi. Nzembi alisimama mahali alipokuwa amesimama siku ile, mkoba miguuni. Hata muuza mkaa alikuwepo, kwa kuwa Mama Gakuru alikuwa amepita kwake asubuhi na kumwambia asikose.

"Nyinyi nyote mwajua hadithi ya vitasa vyangu," alianza. Wachache wakacheka. "Basi leo mtaisikia mwisho wake." Akamwita Omolo, akamwambia apande na Lazarus hadi mlangoni kwa Lazarus, na ufunguo wa Omolo. Wakaenda. Waliporudi Lazarus alikuwa amelegeza tai.

"Aliyewaletea wezi ufunguo ni mimi," Mama Gakuru alisema. "Nilinunua rahisi nikajisifu. Watu wakahama na funguo, sikubadilisha lock. Mkaniambia ngazi iko giza, nikasema nitaleta balbu. Halafu mkataka mwizi, nikawapa huyu mama. Nzembi hakuiba kitu. Nzembi, mbele ya hawa watu, mimi Rahab nakuomba msamaha."

Lazarus akakohoa. "Na mimi ndio nilimwaga mkoba," alisema, si kwa sauti ya msemaji tena. Akainama na suti yake, akauokota mkoba wa Nzembi, akaubeba mwenyewe hadi chumbani kwake kando ya lango.

Nzembi aliwatazama mmoja mmoja bila haraka. "Nimesamehe," alisema. "Sasa, Mama Gakuru, na ile balbu?"

Watu wakaangua kicheko, na Mama Gakuru akacheka kuliko wote, macho yamejaa maji. Jioni ile ngazi zote ziling'aa.

Vitasa vipya alivinunua kimoja kimoja, maduka tofauti, na kabla fundi hajaondoka alipanda na kushuka mwenyewe akijaribu kila ufunguo kwenye mlango wa jirani. Funguo za ziada Nzembi alikataa kuzishika. Kila mtu akae na zake, alisema, na yeye akae na jina lake. Mama Gakuru alimlipia Lazarus televisheni nyingine na Sheryl kompyuta, na alipoambiwa na Gakuru kwamba hakuna ploti inayofanya hivyo, alimwambia basi sasa iko moja. Mwizi naye alijileta. Kijana aliyewahi kupanga ghorofa ya pili alikuja mchana na ufunguo wake wa zamani, akahangaika nao mlangoni mpaka Nzembi akafunga lango na polisi wakaitwa.

Yale maandishi mekundu Mama Gakuru aliyafuta kwa mkono wake. Mchoraji akaandika upya kwa buluu: JAMBO LIKITOKEA, MPIGIE MAMA GAKURU, na namba ya simu chini yake.

Sheryl hakuhama. Meza yake ilirudi dirishani.

Simu ya kwanza iliingia jioni moja Mama Gakuru akichambua maharagwe. Alikuwa Omolo, naye amekasirika.

"Mama, hizi lock zako mpya ni za ovyo! Ufunguo imeingia lakini imekataa kabisa kufungua. Nimesukuma, nimevuta, wapi."

"Angalia namba ya mlango, Omolo. Taa si iko?"

"Woi. Niko kwa Sheryl tena."

"Na umekataliwa?"

"Nimekataliwa, mama. Kabisa."

Mama Gakuru aliweka ungo chini. Aliona fahari ambayo hakuwahi kuiona hata siku jumba lilipoezekwa, akatamani Wahome angekuwepo aisikie.

"Hebu jaribu tena," alisema. "Nataka nisikie."