Kikaushio cha Dokta Kapu

Chuoni walimwita Dokta Kapu, kwa sababu hapakuwa na kitu asichokitia humo. Mhandisi wa kilimo kuandika makala kuhusu vikaushio vya mahindi, sawa. Lakini kutu ya mabomba ilimhusu nini? Na usingizi wa wauguzi wa zamu? Sasa alikuwa ameingia kwa nyuki, wenzake wakapata la kuchekea wakati wa chai.

Mwenyewe wala hakujali. Mtu akija na swali linalopimika, yeye keshavuta kiti. Kilichomnyima raha ni uprofesa. Kamati ilidai makala kumi na mbili za uhandisi wa kilimo, na katika lundo lake la makala arobaini na moja, za uhandisi zilikuwa kumi na mbili kamili, bila ya akiba. Walishamrudisha mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho, maana kabla ya kikao kingine angekuwa amestaafu.

Asubuhi ya usaili, fundi wa maabara alimwita kwenye mizinga nyuma ya jengo.

"Dokta, kipimajoto kinasema themanini na tano."

"Hao nyuki si wangekuwa wameshaiva!"

"Wazima kabisa, hebu sikiliza wanavyovuma. Ndiyo tabia ya hiki kidude. Betri ikilegea kikazimika, kikizinduka tu kinaandika themanini na tano kabla hakijapima chochote. Vya aina hii vyote viko hivyo."

Dokta Kapu alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Vipimajoto vya aina hiyohiyo ndivyo alivyovitumia kwenye kikaushio, miaka sita nyuma. Ndani ya mzinga, themanini na tano ni kichekesho. Ndani ya kikaushio ni joto zuri tu, nani angeshtuka?

Alirudi ofisini mbiombio, akafungua jedwali la zamani. Themanini na tano zilijaa tele. Alipoziondoa, kikaushio alichokisifia kikawa vuguvugu. Na kuna watu waliokijenga kwa kufuata makala yake, wakaweka humo chakula cha watoto wao kikabaki kibichi ndani, tayari kuota ukungu. Alijiona mkosaji mkubwa.

Saa nane mwenyekiti wa kamati alifungua faili kwa uso mkunjufu.

"Safari hii hesabu imetimia, Dokta. Hongera za mapema."

"Haijatimia, mwenyekiti. Ile ya kikaushio ina kosa." Akaeleza yote, bila kujitetea.

Mwenyekiti alivua miwani. "Nani mwingine anajua?"

"Fundi wangu. Na nyuki."

Hakuna aliyecheka.

"Dada yangu, kosa limekaa miaka sita. Liache wiki mbili tu, barua yako itoke. Utalisahihisha ukiwa profesa."

Wiki mbili tu. Moyo wake ulikubali upesi mno, hata akaona haya.

"Mahindi yanavunwa wiki hii," akasema.

Akavuta faili, akaikata makala hiyo kwa kalamu, akatia sahihi pembeni.

Ofisini aliandika barua kwa wahariri wa jarida, na nyingine kwa mabwana shamba: wasiruhusu mtu kuweka mahindi kwenye vikaushio hivyo. Chini, mahali pa cheo, akaandika Dokta. Alilitazama neno hilo, machozi yakamtoka, akazituma barua zote mbili.