Ghala Namba Nne

Asumpta Mapunda alikuwa anapiga chapa barua ya mtu ya kuomba kazi, nakala ya tatu, wakati kivuli kiliposimama juu ya mashine yake. Hakuinua macho. Utepe ulikuwa umechakaa hadi herufi zikawa zinatoka kijivu, na pale mtaa wa Majengo utepe mpya ulikuwa umepanda bei mara mbili tangu Pasaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye benchi, namalizia."

"Sina barua ya kuchapa, mama. Hii nimekuletea wewe."

Ndipo alipomtazama. Alikuwa Remmy, Bwana Afya wa kata, kijana aliyehamishiwa Songea mwaka uliopita. Alikuwa na sweta ya kijani kwa ajili ya baridi ya Juni, na mkononi bahasha ya kaki. Asumpta alifuta vidole vyake kwenye khanga, akaifungua.

Barua ilisema kwamba taka za sumu zimegundulika, zikiwa kwenye mapipa, chini ya ghala lake lililoko mtaa wa Lizaboni. Mwenye mali alitakiwa kuziondoa kwa gharama zake mwenyewe ndani ya siku kumi na nne. Akishindwa, Halmashauri itaziondoa yenyewe na kuuza ghala kwa mnada ili kufidia gharama. Aya ya mwisho ilitaja kampuni moja ya Dar es Salaam inayojua kazi hiyo, na makadirio yake: milioni nne na laki sita.

Asumpta aliisoma mara mbili. Kwa kuchapa barua za watu, fedha hizo asingezipata hata akiishi miaka mia.

"Lakini mapipa yale si yangu," alisema.

"Ghala ni la nani, mama?"

"Langu."

"Basi," alisema Remmy kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi kumaliza hesabu.

Mapipa yalikuwa yameonekana siku nne kabla. Otto, mpangaji wake, alikuwa anachimba msingi wa mashine ya kusaga ndani ya ghala. Sururu ikatoboa bati lililooza, na ikatoka harufu kali kama ya vitunguu saumu vilivyovunda. Otto alitapika hadi akaishiwa nguvu, akalazwa hospitali siku mbili. Waliochungulia shimo waliona pipa juu ya pipa, na ubavuni mwa moja, picha ya fuvu la kichwa iliyofifia. Ilikuwa dawa ya wadudu, ile waliyogawiwa wakulima wa tumbaku zamani.

Asumpta alifunika mashine yake, akamwambia mwenye barua ya kuomba kazi arudi kesho, akashika njia ya kwenda ofisi za ushirika.

Hapo ndipo alipofanya kazi miaka kumi na minane, akiwa mpiga chapa. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mazao moja kwa moja kwa wakulima, chama cha ushirika kilihangaika misimu miwili, kisha kikafa. Wafanyakazi waliambiwa hakuna fedha za kuwalipa mafao, ila kuna majengo. Rupert Gama, aliyekuwa mtunza ghala mkuu, ndiye aliyewasomea orodha. Rupert alikuwa msimamizi wa ubatizo wa Leticia, binti yake Asumpta. Siku ile alimvuta pembeni. "Dada, wewe ni mjane. Chukua lile ghala la Lizaboni, ni kubwa, utapangisha. Mimi nitajibana na hiki kiduka cha Majengo." Asumpta alilia machozi ya shukrani. Jumapili iliyofuata alimpelekea kuku.

Sasa Rupert alikuwa anafanya kazi kwa mfilisi, aliyekabidhiwa mali zilizobaki za chama, kwenye meza ileile iliyokuwa ya meneja. Alisimama alipomwona, akampa mkono.

"Nimesikia, dada. Pole sana. Chai?"

"Sitaki chai, kaka. Nataka mfilisi aandike kwamba mapipa yale ni ya chama."

Rupert alivuta faili, akatafuta mkataba, akamgeuzia. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifungu cha sita. Mpokeaji anakubali jengo kama lilivyo, pamoja na vyote vilivyomo, juu na chini ya ardhi.

"Chini ya ardhi," alisema Asumpta. "Nani huwa anaandika hivyo kwenye mkataba wa ghala?"

"Wanasheria."

"Mlijua."

"Dada Asumpta, mimi nilikuwa naandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Mambo ya mapipa sikumbuki."

Asumpta hakubishana. Aliinuka, akaingia chumba cha nyuma. Makabati yalikuwa palepale, na mafaili yalikuwa yamepangwa alivyoyapanga mwenyewe. Alikohoa vumbi, akatoa faili la pembejeo la mwaka themanini na sita, akafunua ukurasa baada ya ukurasa mpaka akaipata. Barua ya mtunza ghala kwa meneja: mapipa kumi na tisa ya dawa iliyokwisha muda wake yamefukiwa chini ya sakafu ya ghala namba nne, kama ulivyoagiza, na saruji imemwagwa juu. Chini palikuwa na sahihi ya Rupert Gama.

Alirudi nayo kwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi ana kitu cha kushika.

"Hii hapa. Sahihi yako."

Rupert aliisoma taratibu. Kisha akaweka ukucha kwenye kona ya chini, kushoto, penye herufi ndogo: RG/am.

"Na hii 'am' ni nani?"

Asumpta aliinama, akaziona herufi za kwanza za jina lake.

"Nani alichapa barua hii, dada?"

"Mimi. Nilichapa barua ishirini kwa siku, kaka! Nilikuwa naangalia herufi, siangalii maneno. Na hapa imeandikwa ghala namba nne. Mlipokuwa mnanipa mlisema la Lizaboni tu, hamkutaja namba."

"Namba nne ndilo la Lizaboni. Hakimu atakuuliza: miaka kumi na minane ofisini, hukujua? Atasema ulijua kuna sumu, na bado ukasaini mkataba." Alikunja barua, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. "Hizi ni nyaraka za mfilisi. Naitunza kwa faida yako mwenyewe."

"Kwa hiyo ulipochukua kiduka..."

"Kila mtu alikuwa anajiokoa." Aliangalia dirishani. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya kanisani. "Sikiliza. Leticia ni mwanangu pia. Nitakupa mifuko kumi ya saruji. Otto afukie shimo, amwage sakafu mpya. Yule Bwana Afya ni mtu wa kuelewana, ataandika kero imeondolewa. Yameisha. Kitu kimekaa humo miaka kumi, kimemla nani?"

Asumpta alitembea hadi Lizaboni bila kujua amepita barabara ipi. Kilichomuuma zaidi ya kile kifungu cha sita ni yule kuku. Alikumbuka alivyomchagua mwenyewe, tetea mwekundu aliyekuwa karibu kutaga, na Rupert alivyompokea kwa mikono miwili.

Remmy alikuwa mbele ya ghala, ameegemea baiskeli. Saruji ilikuwa imeshafika kwa mkokoteni. Rupert hakungoja jibu la Asumpta.

"Umefanya la busara, mama," alisema Remmy. "Nitaandika shimo limefunikwa kitaalamu."

Ng'ambo ya njia, hatua arobaini hivi chini ya mteremko, wanawake watatu walikuwa kwenye kisima cha Zabibu, muuza vitumbua. Mtaa mzima ulichota hapo bomba lilipokauka, na bomba lilikuwa limekauka tangu wiki iliyopita. Bata watano wa Zabibu walikuwa wamekufa mwezi wa nne. Wote walisema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku na bata.

"Maji yale umeyapima?" aliuliza Asumpta.

"Sampuli inakwenda Dar. Majibu ni miezi mitatu, minne."

"Na hiyo miezi mitatu wanywe nini?"

"Usitie watu hofu, mama. Ukisema kuna sumu, mimi siwezi tena kuandika kwamba hakuna. Utaipoteza mali yako."

Asumpta aliitazama mifuko ya saruji. Ingetosha. Otto angesaga unga juu yake, kodi ingeingia, Leticia angemaliza chuo cha ualimu. Kisha akashuka mteremko.

"Mama Hasani," alimwita Zabibu. "Msichote tena. Chini ya ghala langu kuna mapipa ya sumu, yamepasuka. Maji yanateremkia huku."

Kamba ilisimama mkononi mwa Zabibu. "Subhanallah. Tangu lini?"

"Miaka kumi."

Midomo ya Zabibu ilicheza kidogo, anahesabu. Hasani, mwanawe, alikuwa na miaka sita, na tangu azaliwe hakuwahi kumaliza mwezi bila kuumwa.

"Na wewe ulikuwa unachukua kodi tu," alisema hatimaye.

Asumpta alitaka kusema sikujua. Akakumbuka zile herufi mbili ndogo.

Remmy alikuwa amewafikia, anahema, daftari mkononi. "Umekiri mbele ya mashahidi, mama. Inabidi niandike."

"Andika."

Aliandika. Asumpta aliinama, akasoma kwa mazoea ya mtu anayesahihisha kazi: Mwenye mali amekiri kuwepo kwa sumu katika eneo lake.

"Umeandika nusu. Ongeza: iliyofukiwa na chama cha ushirika, kwa barua yenye sahihi ya Rupert Gama, ambayo leo ameifungia kwenye droo yake."

Remmy alifunika kalamu yake. "Fomu hii ina nafasi ya mwenye mali tu, mama."

Akarudi kwenye baiskeli yake, akaondoka. Wale wanawake wengine wawili walimwaga ndoo zao na kuondoka. Zabibu alikusanya kamba na ndoo, akaingia ndani na kufunga mlango bila kumwangalia.

Juu ya njia mwanamke mwingine alikuwa anakuja, ndoo tupu kichwani, mtoto mgongoni. Asumpta alikaza khanga yake, akamwendea kabla hajafika kisimani.