Glasi ya Baba Kendi

Tangu Bloomington mpaka walipoiacha barabara kuu ng'ambo ya Saint Paul, Dinah alishika usukani kwa mikono miwili. Maurice, mumewe, alikaa kando yake, amepakata thermosi ya uji. Bwana huyu alikuwa na leseni, tena safi, lakini ufunguo wa gari lile haukuwahi kulala mfukoni mwake. Ulikaa kwenye mkoba wa Dinah, chini ya Biblia. Watu wa kanisa walimtania, "Baba Kendi, dereva wako leo hayuko shifti?" Naye alicheka nao. Wangejua!

Hawakujua kwa sababu Dinah hakutaka wajue. Kwa ukoo kule Meru, na kwa Wakenya wote wa huku Marekani, Maurice hanywi pombe kwa sababu ya vidonda vya tumbo, basi. Ukweli waliujua watu watatu: Maurice mwenyewe, Dinah, na binti yao Kendi. Kendi alikuwa mtoto mdogo siku ambayo baba yake alikuja kumchukua shuleni akiwa chakari, akalibamiza gari kwenye nguzo ya taa, mtoto yuko kiti cha nyuma. Mungu ni mkubwa, hakuna aliyeumia. Tangu siku ile Maurice hajagusa hata tone, na tangu siku ile Dinah hajampa ufunguo. Yeye mwenyewe, ambaye hata kabla ya hapo hakuwahi kuionja pombe, alipiga magoti akaapa kwamba haitavuka mlango wake wala midomo yake mpaka aingie kaburini.

Sasa hebu sikia. Kendi huyo huyo akakua, akasoma, akapata kazi Minneapolis, na katika wanaume wote wa Minnesota akamwona Brandon. Na Brandon ni mjukuu wa nani? Wa mzee Settimio, Mwitaliano mwenye shamba la mizabibu, ambaye yeye na wanawe na wajukuu kazi yao ni moja tu, kutengeneza mvinyo.

"Wanaume wameisha?" Dinah alimuuliza bintiye siku alipoletewa habari. "Hata fundi bomba hukumwona?"

"Nampenda, mama."

Dinah alinuna wiki nzima, lakini utamfanya nini mtu mzima? Yakapangwa mazungumzo ya ukoo. Mzee Settimio alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga na hakuweza safari, kwa hiyo walioalikwa ni wao, waje shambani wakati wa kuchuma zabibu. Mzee Mugambi wa Roseville, binamu ya Maurice na msemaji wao katika mambo ya mila, alilalamika kwamba tangu lini nyumba ya binti ikamfuata mwanamume. Mwishoni akakubali, kwa sharti kwamba swali lenyewe liulizwe kama inavyopasa.

Swali lenyewe ni hili. Kwao kina Maurice, siku ya posa baba wa binti hupewa pombe ya upande wa pili, akaishika, asinywe. Binti huulizwa mbele ya wote: baba yako anywe, au asinywe? Akisema anywe, amekubali kuolewa. Akisema asinywe, wageni hubeba vyao wakaenda, na neno hilo halirudiwi. Watu wa kanisa siku hizi hutumia uji badala ya pombe, na Mugambi alikuwa amekubali uji. Ndiyo maana Maurice alikuwa ameipakata ile thermosi.

Mzee Settimio aliwapokea getini kwa mkongojo, kofia mkononi, akataka kwanza waone mizabibu. Ilikuwa imejipanga mistari mpaka kwenye mteremko, na matawi yameelemewa na zabibu nyeusi. Alieleza kwamba mizabibu ya kwao Italia haiwezi baridi ya huku. Kila mwaka kabla ya theluji huilaza chini mmoja mmoja na kuifukia kwa udongo, na theluji ikiisha huifukua kwa mikono, polepole, isije ikavunjika.

"Kila mwaka?" Dinah aliuliza.

"Kila mwaka, mama. Ukichoka mwaka mmoja tu, umeipoteza."

Dinah alimwelewa yule mzee kuliko alivyotaka kumwelewa.

Walipopita mlango wa ghala harufu ilimpiga usoni. Ilikuwa ile ile, ya shati la Maurice enzi zile, ya mto wa kitanda, ya gari lenye kioo kilichopasuka. Alimtazama mumewe. Maurice alikuwa amekodolea macho sakafu, na mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba kikombe cha thermosi kiligongagonga. Ee Mungu, Dinah aliomba, tutoe hapa salama.

Meza ilikuwa imeandaliwa nje ya ghala, mikate, jibini, nyama zilizokaushwa. Mugambi, aliyekuwa ametangulia kufika kwa gari lake, aliisimamisha simu yake kwenye chupa ya maji, na kwenye kioo wakaonekana jamaa wa Nkubu, kule Meru, wamejazana sebuleni, Shangazi Nkatha mbele yao na kitambaa kichwani. Kwao kulikuwa kumeshaingia giza. Kendi alikaa kando ya Brandon, mkono wake ndani ya wa kijana. Kila kitu kilikuwa tayari. Dinah alikuwa ameshaanza kufungua uji.

Hapo ndipo mzee Settimio alipoinuka, akaingia ghalani, akarudi amekumbatia chupa yenye vumbi.

"Mwaka aliozaliwa huyu," alisema akimwonyesha Brandon kwa kidevu, "niliiweka chupa hii. Marehemu mke wangu alikuwa akiipangusa akisema, itafunguliwa siku mtoto atakapoleta mke. Hakuiona siku yenyewe. Nimeiona mimi."

Aliifungua. Akajaza glasi moja tu, mpaka juu, akazunguka meza akichechemea, na kwa mikono yake miwili akaiweka mikononi mwa Maurice.

Nani angemkataza? Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Kumwambia kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa imefichwa na Dinah mwenyewe, akaificha vizuri hata ikawa sasa haina pa kutokea.

"Wee!" Mugambi alipiga makofi. "Kumbe hawa nao ni watu wa mila!"

"Mzee Mugambi," Dinah alisema, na sauti yake ilimsaliti, "tulikubaliana uji."

"Mama Kendi, uji ni wa mahali pasipo na pombe. Hii imewekwa miaka yote ikitusubiri sisi. Glasi moja haiwezi kumuua mtu wa vidonda vya tumbo. Na sasa ameshaishika, akiiweka chini ameikataa nyumba ya watu." Akaugeukia upande wa vijana kabla Dinah hajapata la kusema. "Kendi, binti ya Maurice! Baba yako ameshika pombe ya watu hawa. Anywe, au asinywe?"

Kule Nkubu Shangazi Nkatha aliisogelea simu.

Na nisiwafiche, kuna kipande cha moyo wa Dinah kilichofurahi. Sema asinywe, mwanangu, kilisema kipande kile. Sema, tufunge thermosi yetu, turudi Bloomington, na habari za mvinyo ziishie hapa. Kisha aliuona mkono wa Kendi ulivyoung'ang'ania wa Brandon, akajionea haya.

Akamtazama mumewe. Maurice hakuwa akimtazama binti yake. Alikuwa akiitazama glasi. Na mikono iliyotetemeka asubuhi nzima ilikuwa imetulia kabisa, tuli, haimwagi tone. Hapo ndipo Dinah aliogopa kwelikweli.

"Sema ninywe, mwanangu," Maurice alisema taratibu. "Usinihofie. Nitakunywa mara moja, yaishe."

Yaishe! Dinah alikuwa ameisikia yaishe hiyo mpaka masikio yakaota sugu. Haijawahi kuisha hata siku moja.

Kendi alisimama. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa.

"Baba asinywe," alisema.

Brandon aliuachia mkono wake. Alikuwa amefundishwa maneno mawili yale wiki nzima, aweze kuyatambua yatakaposemwa, na sasa ameyatambua. Uso wake ulipauka. Mzee Settimio aliuliza kwa Kiingereza kuna nini. Mugambi alinyoosha mkono kuizima simu.

"Sijamaliza," Kendi alisema. "Baba asinywe. Anywe mama."

"Hiyo haipo!" Mugambi aliruka. "Haijawahi kusikika!"

"Basi isikike leo!" Sauti ya Shangazi Nkatha ilitoka kwenye simu kama ya mtu aliyeketi pale pale. "Wewe Mugambi, aliyembeba mtoto huyo tumboni ni nani? Ni wewe?"

Wote wakamgeukia Dinah. Mtoto huyu ana uso mkavu kiasi gani! Anajua kiapo changu, alisikia nilipokiapa, alikuwa amepiga magoti kando yangu.

"Ukikataa, mama," Kendi alisema, "nitarudi nyumbani nanyi. Sitakulaumu, hata kidogo."

Alimaanisha. Dinah alimjua. Neno moja tu na harusi imekufa, na mzee Settimio ataizika chupa yake, na mwanamke wa kanisa atabaki safi kama alivyokuwa. Akamtazama tena Maurice. Glasi ilikuwa imesogea. Hakuna mwingine aliyeona, ila yeye, mke wake, aliiona imepanda kutoka usawa wa meza ikafika karibu na kifua.

Dinah alipiga moyo konde. Alizunguka meza, akaishika glasi, na Maurice hakuiachia. Ikabidi aviondoe vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, huku akimwambia kwa Kimeru, polepole, niachie, baba, niachie mimi.

Akanywa.

Ilikuwa chungu! Alidhani itakuwa na utamu wa namna fulani, utamu mkubwa, wa kuvunja nyumba za watu. Ilikuwa chungu na ikamkausha ulimi. Alitaka kutema. Watu walidhani atalamba tu kidogo aiweke chini, na Mugambi alishaanza kusema imetosha. Haikutosha. Dinah alijua kinachotokea kwa kilichobaki kwenye glasi ya mtu. Alimeza, akapumua, akameza tena, machozi yakimchuruzika, mpaka tone la mwisho. Akaifudikiza glasi mezani.

"Ndiyo hii?" alimuuliza mumewe, kwa sauti waliyoisikia wao wawili na Kendi. "Chungu hivi, Maurice? Hii ndiyo iliyokuwa ikikuchukua?"

"Ndiyo hiyo," Maurice alisema, akajifunika uso kwa viganja.

Nkubu ililipuka kwa vigelegele. Brandon, ambaye hakuwa na hakika kama ameoa au amefukuzwa, alimtazama Kendi, Kendi akamrukia shingoni, na hapo akaelewa. Mzee Settimio alimbusu Dinah mashavu yote mawili na kutaka kumwongezea. Dinah aliifunika glasi kwa kiganja akamwambia asante, baba, yangu ilikuwa hiyo moja, ya kuzaliwa na ya kufa. Kisha akawamiminia wote uji.

Walipoaga, miguu yake ilikuwa laini na masikio yanawaka. Alitembea kwa mazoea mpaka kwenye mlango wa dereva, akasimama hapo.

"Nitawapeleka mimi," Brandon alisema. "Kendi atatufuata na gari lake."

Dinah alifungua mkoba. Aliisogeza Biblia, akapapasa chini yake, akautoa ufunguo. Aliushika kwa muda. Halafu akamnyooshea mumewe.

Maurice hakuupokea mara moja. "Una hakika, Mama Kendi?"

"Mimi nimekunywa," Dinah alisema. "Wewe hujanywa. Endesha."

Akazunguka, akaketi upande wa abiria, mahali ambapo hakuwa amewahi kuketi katika gari lile. Maurice alikirudisha kiti nyuma, akarekebisha kioo, akafunga mkanda. Kabla ya kuwasha gari aliinama kando, akahakikisha kwamba na wa mkewe umefungwa.